Kiyoyozi cha Nyota Moja

Mpishi wa shule alizijua nyota kutoka kwenye chupa za pilipili tu. Nyota moja, hata mtoto analamba. Nyota tano, mtu mzima anatafuta maji huku akilaani. Basi siku alipokwenda kununua kiyoyozi na kukuta kila kimoja kina kibandiko cha nyota, hakuhitaji mwalimu.

"Nipe cha nyota moja," alimwambia muuzaji. "Hizo tano siziwezi."

Muuzaji akadhani ni bei inayomshinda, akampa. Laiti mmoja wao angeuliza!

Wala hakukinunua kwa anasa. Binti yake mdogo alizaliwa hatoki jasho. Joto likimwingia halina pa kutokea. Ni homa, kutapika, kisha degedege. Daktari alisema chumba kiwe cha baridi, basi.

Wiki chache baadaye, alasiri moja, mita ya umeme nyumbani ilizima tena. Umeme aliotia asubuhi ulikuwa umekwisha wote, na wa kuongeza hakuwa nao. Alimwita shemeji yake, fundi umeme, naye akatazama kibandiko.

"Shemeji, hiki ndicho kinachokumaliza. Nyota ni sifa ya kubana matumizi. Zikiwa nyingi, kinakula umeme kidogo. Hiki cha moja ni mlafi."

"Si ndiyo ukali wake?"

"Ukali! Kwani pilipili?"

Alicheka, kisha akamwona mtoto kitandani, kicheko kikakatika.

Ni mpishi mwenyewe aliyemchagulia mwanawe mlafi, tena akarudi nyumbani akijiona mjanja. Alimgusa paji la uso, likamuunguza kiganja. Shuka aliyoilowesha muda mfupi uliopita ilikuwa imekauka kau.

Alimbeba, akatoka mbio hadi duka lile lile la viyoyozi. Pale ndani kiyoyozi cha maonyesho, cha nyota tano, kilikuwa kinapuliza viti vitupu. Akaketi sakafuni chini yake, akamvua mtoto gauni.

"Dada, unanunua?" muuzaji aliuliza.

"Sinunui."

"Basi hapa si pa kukaa. Tunafunga."

Mpishi hakuinuka. Mtoto alikuwa amefumba macho, na pumzi zake zilikuwa fupi fupi. Akamvuta karibu zaidi na ile hewa.

"Funga," alisema. "Utufungie humu humu."