Kofia Aliyoondoka Nayo Grubb

Ansel Grubb alikuwa na wazimu wake, tusidanganyane. Los Angeles inaungua kwa jua, yeye kavaa koti la manyoya na ndara, anaziamkia taa za studio moja moja kwa majina. Lakini mpe aigize karani wa hoteli, utacheka mpaka mbavu zikuume. Nyota walimwonea kijicho, na katika picha nne za sinema mfululizo mimi, mkata filamu, niliamriwa nimwondoe. Roho iliniuma kila mara. Kisha ofisi ikamwambia: asipoonekana katika hii ya tano pia, asikanyage tena getini.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye akainama hasa. Mbele ya kamera, nyota wa picha alipoingia hotelini, Grubb akampokea kofia kwa heshima zote, akaivaa yeye, akaenda zake. Haikuandikwa popote. Mwongozaji alicheka, akaiacha.

Wiki iliyofuata Bwana Seligman, mwenye picha, akaja chumbani kwangu.

"Bi Odette, mtoe huyo karani."

"Kofia je, bosi? Mlangoni nyota anayo, ghorofani hana."

"Nani ataangalia kofia?"

Sikubishana. Nilikata alivyotaka, nikamwonyesha. Kofia ipo, kofia haipo. Akataka kuona tena, na tena. Mara ya tatu akajikuna kichwa.

"Sasa imekwenda wapi?"

"Muulize huyo uliyemtoa."

Akacheka bila kupenda. "Mzee ametuweza. Haya, mrudishe."

Grubb alikuwa nje ya mlango na koti lake, jasho linamtiririka. Nilipomwambia amebaki, alikaa kwenye ngazi akalia, mtu mzima yule, bila aibu.

"Miaka kumi na mmoja, mwanangu," akasema. "Dada yangu kule Nebraska anadhani huku nafagia."

Nikalia naye.

Watu walimpenda yule karani, na tangu hapo Grubb hajakosa kazi. Mpaka leo anatamba kila baraza kwamba kofia ndiyo iliyomwokoa. Namwacha atambe. Mwongozaji, mtu mwangalifu, alikuwa amepiga pia kipande kingine, nyota akiingia hotelini kichwa wazi, kinachotosha kabisa kumfuta Grubb. Seligman alipokuwa akijikuna kichwa, kipande hicho nilikuwa nimekikalia.