Mgonjwa Aliyepona Zuzu

Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, Shaibu alikosa kazi. Miaka mingi alikuwa msimamizi wa wapagazi, na sasa mizigo ilipanda gari moshi. Mguu wake uliovunjika safarini ulimsumbua, na afyuni aliyoanza kuvuta kwa sababu ya maumivu ikawa ndiyo maisha yake. Mkewe, Mwantum, alimwona akikonda hadi kanzu ikawa inamning'inia.

Ndipo akaja Shaban, muuza dawa kutoka pwani, na vidonge vyeusi.

"Akila hivi, afyuni ataisahau," alimwambia Mwantum. "Huko Zuzu kuna mtu anaitwa Mustapha. Nimemponya mimi."

Shaibu akavila, na kweli, kiko hakukigusa tena. Mwantum alifurahi hata akawatangazia majirani. Lakini mumewe hakunenepa. Alisinzia vilevile, bakuli la uji mbele yake, na kidonge kikichelewa alitetemeka. Mwantum akaona heri aende Zuzu mwenyewe, amwone huyo aliyepona.

Alifuatana na wanawake wa Kigogo waliokuwa wakirudi kutoka kuuza mtama. Walimwonyesha nyumba ya tembe ya Mustapha, naye akamkuta ameegemea ukuta juani, midomo imemkauka.

"Afyuni nimeacha kabisa," Mustapha alisema, macho ameyafumba nusu. "Siku hizi nakula vidonge tu."

Mkewe, Stara, aliacha kusaga unga, akaja. Alichukua kidonge kimoja, akakivunja, akakiweka juu ya kaa la moto. Moshi ulipopanda, Mwantum aliijua harufu ile. Aliifua katika nguo za mumewe miaka mingi. Akaketi vumbini.

"Ni afyuni!"

"Afyuni tupu."

"Nimemlisha kwa mkono wangu, dada! Kwa mkono wangu!" Akamwinulia Stara uso. "Basi dawa hakuna?"

Stara alimtupia jicho mumewe. "Mimi nilikuwa navuta pamoja na huyu. Nimeacha."

Mwantum akamkodolea macho. Mbele yake alikuwa mwanamke mzima wa afya, mikono imejaa unga.

"Mbona Shaban hakukutaja?"

"Anitaje kwa lipi? Sikununua kitu kwake." Akachuchumaa karibu. "Nilitapika, nikaharisha, mifupa iliuma kama inatwangwa. Nikarudia, kisha nikaacha tena. Huyu wangu ameshindwa. Wa kwako sijui atakuwaje, sitakudanganya. Ila mpunguzie kidogo kidogo, mnyweshe maji na uji, wala usimwache peke yake."

Nyumbani, Mwantum hakuvua hata ushungi.

"Vile vidonge ni afyuni."

"Najua," Shaibu alisema.

"Umejua lini?"

"Tangu cha kwanza. Ulikuwa umefurahi mno, Mwantum. Nilishindwa kukuambia."

Mwantum alimtazama kama mtu asiyemjua. Akavua ushungi, akaketi mbele yake. Kisha akamweleza yote ya Stara: matapishi, mifupa, na kwamba huenda asiweze. Hakuficha kitu.

Shaibu alisikiliza, ameinamisha kichwa. "Kakwambia na hayo ya kushindwa? Basi huyo namwamini."

Masika yote waliteseka. Siku moja Shaibu alitoroka kwenda kwa Shaban, akarudi akakiri mwenyewe. Mtama ulipokomaa alikuwa shambani, bado amekonda, akifukuza ndege kwa sauti kubwa. Mwantum alisimama kando ya shamba akiisikiliza sauti hiyo, na bado hakuamini kwamba kweli ameacha.