Kitambaa Kilichozidi

Ijumaa hiyo nilikwenda maktaba kurudisha kitabu cha ufugaji wa nyuki, mimi ambaye hata kuku sina, nikaukuta uzi wangu una kitambaa kimoja zaidi ya vitabu nilivyosoma. Sikuhitaji kuhesabu. Vitambaa vyangu vyote vilikuwa vimechujuka kwa kufuliwa. Hiki kilikuwa kipya, manjano yake makali, na ndege wa bluu aliyechapwa juu yake alionekana hadi kucha. Kilikuwa cha kitenge kilekile, na mimi sikumpa mtu yeyote akifunge. Nikakaa kwenye benchi la watoto.

Maktaba yetu ya Base Camp, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ni chumba kimoja cha matofali ya udongo, na mwenye kuiendesha ni Herménégilde, Mrundi aliyekuwa mwalimu kwao na ambaye hajaacha kutusahihisha. Kila mwaka anatangaza shindano lake: vitabu thelathini kwa mwaka. Mwezi wa Novemba anauita mwezi wa mchanganyiko, kwa sababu kila kitabu lazima kiwe cha aina yake: cha afya, cha sheria, cha mashairi, cha hekaya, cha kilimo au mifugo, na cha maisha ya mtu. Mashairi yalinitesa. Mama muuza ndizi niliyemsimulia alisinzia mara mbili, nami sikumlaumu.

Watu wengi hapa hawapendi majina yao yabandikwe ukutani, kila mmoja na sababu zake. Kwa hiyo Herménégilde hakuandika jina la mtu. Alitundika nyuzi nene kwenye boriti, kila msomaji na uzi wake. Ukimaliza kitabu hujifungii alama mwenyewe. Unamtafuta msomaji mwenzako, unamsimulia kitabu chote, na akiridhika kwamba umekisoma kweli, yeye ndiye anayekufungia kitambaa kwenye uzi. Kitambaa unakuja nacho wewe, ili uujue uzi wako.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Mimi ni fundi cherehani, vipande vya vitambaa ninavyo vya kujaza godoro. Ningechukua chochote. Nikachukua kitenge cha kwaya.

Kilitolewa kijijini kwetu, upande wa Fizi huko Kongo, mwaka ambao kwaya ya kina mama ilitimiza miaka ishirini na mitano. Wanakwaya tu ndio waliokinunua. Nilikuwa nimekivaa jioni niliyokimbia. Nilikuwa jikoni nasonga bugali, na mume wangu Constantin alikuwa mbele ya nyumba akitengeneza baiskeli. Mtu aligonga dirisha la jikoni, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, na sikuona uso wake. Nilimbeba Grâce, binti yetu, nikatokea nyuma hadi kwenye migomba. Kutoka huko niliwaona wenye bunduki wakiingia uani, na mbele yao alikuwa jirani yetu Kabanda, akiwaonyesha mlango. Constantin hakupata hata muda wa kusimama. Kabanda aligeuza kichwa kuelekea migomba, akaona kwamba nimemwona.

Tangu siku hiyo kitenge kile sikuweza kukivaa, na kukitupa nilishindwa. Shindano lilipoanza, nikaanza kukikata, kila kitabu ukanda mmoja. Nilikiona kinapungua nikafurahi. Nilijiambia kikiisha, na jioni ile itakuwa imeisha. Ni ujinga, najua, lakini ulinipa usingizi.

Sasa mtu alikuwa na kitenge kama hicho, kizima, kisichofuliwa, na alikuwa amesimama chini ya boriti hii. Wale wenye bunduki walibeba masanduku ya nguo ya kijiji kizima. Na majuma mawili kabla ya hapo, mama mmoja aliyetoka Kabazana, wanakopokelewa wageni, alikuwa amenisimulia kwamba Kabanda amevuka mpaka, kwamba ameonekana Bwizibwera akipakia maziwa kwenye gari. Bwizibwera si mbali. Ukifika Mbarara umekaribia.

"Mwalimu," nilimwita Herménégilde, "nani aliingia humu leo?"

"Madame, batu bengi. Unajua mulango yangu haifungwake."

"Kuna mtu ameulizia uzi wowote?"

Alinitazama juu ya miwani. "Jana nilikwenda kanisani, niliacha wazi. Kuna kitu kimepotea?"

"Hakuna."

Kingekuwa kimepotea ningeshukuru. Mkono uliniwasha kuung'oa uzi ule, lakini chumba kilikuwa na watu, na dirisha lilikuwa wazi, na wazo moja lilinigandisha. Aliyefunga kitambaa kile hakujua uzi ni wa nani. Alikifunga ili aone ni nani atakayeushika. Nikaweka nyuki zangu mezani, nikatoka bila kuangalia juu, na nikazunguka soko zima kabla ya kuelekea nyumbani, nisije nikamwonyesha mtu njia.

Kesho yake, Jumamosi, kulikuwa na sherehe ya wasomaji kule Mbarara. Wa Base Camp na wa Rubondo, upande mwingine wa kambi, walikuwa wakutane kwenye ukumbi wa kukodi, nyuzi zitundikwe ukutani, picha zipigwe. Mimi nilikuwa nimekataa toka mwanzo. Picha yangu iende wapi? Grâce, ambaye ana miaka kumi na sita na kichwa kigumu cha baba yake, alinung'unika wiki nzima.

"Mama, umesoma kushinda bote. Batakuita, na hautakuwako?"

"Nimesema hapana."

"Juu ya nini?"

Sikumwambia. Sijawahi kumwambia. Alikuwa mdogo mno jioni ile, nikaona heri asiujue uso wa kuogopa. Nilimfundisha jambo moja tu: mtu akikuuliza mama yako anaitwa nani, nyamaza.

Asubuhi niliamka na mpango. Niende maktaba kabla watu hawajajaa, niukate uzi, niuchome. Nilitia mkasi wangu wa kazi kwenye mfuko, nikaenda nikigeuka nyuma kila nilipoona mwanaume aliyevaa kofia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi siku hiyo kila kitu kilikuwa ung'ongo.

Boriti ilikuwa tupu. Nyuzi zote zilikuwa zimekwenda Mbarara na gari la alfajiri. Mama anayefagia pale alicheka aliponiona nimeshangaa.

"Yako ilibebwa na Grâce. Aliivaa mu shingo kama mutu wa harusi."

Nilirudi nyumbani mbio. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri, jambo ambalo halifanyi siku nyingine yoyote. Simu yake haikupatikana. Nilisimama katikati ya chumba nikalia kwa hasira kwanza, kisha kwa hofu, maana nilielewa nilichokuwa nimekifanya. Nilimnyima mtoto sababu, naye akaenda kujitembeza mjini na kitenge kile shingoni.

Gari dogo nililolipata lilipita Isingiro polepole kupita kiasi, likisimama kwa kila mkungu wa ndizi. Dereva, Mnyankore mwenye maneno mengi, aliniangalia kwenye kioo.

"Nyabo, wewe naangalia nyuma kila saa. Nani nakufuata?"

"Endesha."

"Mimi naendesha. Lakini hapa nyuma iko ng'ombe tu."

Abiria wakacheka. Nilikuwa nimeshika mkasi ndani ya mfuko. Nilimwomba Mungu kwa maneno yasiyo na heshima. Nilimwambia ameshachukua mmoja, atosheke.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Nilisimama mlangoni nikiangalia wanaume kwanza, mmoja mmoja, mabega na masikio, maana uso mtu anaweza kuunenepesha lakini masikio hubaki. Kabanda hakuwepo, au sikumwona. Nyuzi zilining'inia ukutani zikiwa na rangi zote. Uzi wangu haukuwepo kati yao.

Ndipo nikamwona Grâce. Alikuwa amekaa benchi la pembeni, uzi wangu magotini mwake, na kando yake alikuwa mwanamke aliyejifunika kichwa kwa leso nyeusi. Mwanamke yule alikuwa anapitisha vidole kwenye vitambaa vyangu, kimoja kimoja, taratibu, huku akimwuliza mtoto wangu kitu. Grâce alikuwa anatikisa kichwa. Alikuwa ananyamaza kama nilivyomfundisha.

Sijui nilivukaje ule ukumbi. Nilimshika Grâce mkono nikamvuta nyuma yangu, na mwanamke akainua uso. Alikuwa Alida. Alida wa sauti ya kwanza, aliyekuwa anasimama kushoto kwangu kwenye kwaya. Alida, mke wa Kabanda.

Nilichomoa mkasi. Nasema ukweli, niliuchomoa.

"Iko wapi?" nikamwuliza. "Bwana yako iko wapi?"

"Mama Grâce, sema polepole."

"Iko wapi!"

Yeye hakuutazama mkasi. Alitazama mlango, haraka, kisha dirisha, kisha mlango tena. Nikaujua mtazamo huo. Ni wangu. Ninautumia kila siku.

"Sijue fasi iko," alisema. "Na miye namukimbia. Nilitoka mu nyumba yake mwaka ule ule. Niko Rubondo, hakuna mutu anajua jina yangu."

"Mbona ulifunga kitambaa? Ulitaka kunionyesha kwake?"

"Nilikuja Base Camp kubadilisha vitabu. Nikaona ile kitenge inatundikwa. Nikajiuliza ni nani wetu amebaki. Kuuliza niliogopa. Kuandika jina niliogopa. Nikakata kwangu, nikafunga, nikajisemea, mwenye uzi ataelewa."

"Nilielewa vibaya."

"Ningeelewa vibaya na miye."

Sikumwamini. Ningemwamini vipi? Kitanda kimoja na Kabanda, sahani moja. Nikamwambia habari za Bwizibwera, nikimchunguza kama ananificha.

"Yule haiko yeye," alisema. "Na miye nilisikia. Nilienda kumuangalia mwenyewe, nikajificha mu nyuma ya mapipa ya maziwa siku muzima. Ni mutu mwingine, anafanana naye tu mu mabega."

Alikwenda mwenyewe. Mimi niliyesikia jina tu nilikaa wiki mbili bila kufungua dirisha. Lakini bado nilishika mkasi, na Grâce alikuwa ananishika kiuno, akiuliza kwa sauti ndogo ni nani, mama, ni nani huyu. Alida akamwangalia mtoto, na macho yake yakajaa.

"Amekuwa murefu," alisema. "Siku ile ulimubeba mu mugongo. Nilikuambia, Mama Grâce, wacha sufuria. Chukua mutoto, utoke."

Mkasi uliniponyoka. Maneno yale sikuwahi kumwambia mtu yeyote duniani, si padri, si karani wa Kabazana, si Grâce. Wacha sufuria. Miaka yote hii nilidhani labda ni malaika, na siku nyingine, nikiwa na hasira na Mungu, nilidhani nilijiambia mwenyewe.

"Kabanda alikuwa amesema nao kwa simu mbele yangu," Alida aliendelea. "Nilikimbia kwa njia ya kisima. Nilifika dirisha ya jikoni tu. Kwa Constantin sikufika. Unisamehe, sikufika."

Niliketi kwenye benchi. Nililia mbele za watu waliovaa nguo za sherehe, wala sikuona haya. Kisha, kwa kuwa Grâce alikuwa amesimama pale akiwa hajui kitu, nikamweka katikati yetu, nikasimulia. Nilisimulia kuanzia baiskeli ya Constantin hadi migomba, bila kuruka mahali, na nilipokwama Alida alinisaidia. Grâce alisikiliza ameshika uzi kwa mikono miwili. Nilipofika kwenye jina la Kabanda, sote watatu tuliangalia mlangoni.

Herménégilde alikuwa ameanza kuita wasomaji. Alipofika kwetu akarekebisha miwani.

"Uzi ya manjano, yenye ndege. Ni ya nani?"

Grâce akanitazama, mdomo umefungwa. Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, ndivyo nilivyoishi, na mbawa zangu ninazo bado. Nikasimama.

"Ni yangu. Perpétue, mke wa Constantin."

Alida alinishika pindo la gauni, kwa woga, akalishikilia.

"Madame Perpétue," alisema Herménégilde, ambaye hakuwahi kulisikia jina hilo, "mu mwezi wa mchanganyiko kunakosekana moja. Maisha ya mutu. Lakini naona kitambala yake imefungwa. Ulisimulia nani?"

"Huyu hapa."

"Na njo yeye alifunga?"

"Njo yeye. Alifunga juzi," nikasema. "Kusimulia, nimesimulia leo."

Herménégilde, mtu wa kanuni, alifikiri kidogo, kisha akakubali. Watu walipiga makofi. Kijana mwenye kamera akatusogelea, nikamwekea kiganja mbele ya kioo chake, na Alida naye akaweka chake. Tulirudi kuketi, Grâce katikati, tukageuza benchi lielekee mlango.