Kadi Mpya na Mlango wa Kabati la Mama

Kipimo hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na wateja wa duka la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, kwa sababu ya ubishi. Ukimwambia kadi fulani ni kali, anakuuliza, "Umeipima?" Ukisema hukuipima, basi maongezi yameishia hapo, kanunue pipi.

Dukani waliuza kompyuta za michezo, na mali iliyowatoa watu udenda kuliko zote ilikuwa kadi za picha, vile vipande vizito vyenye feni vinavyochomekwa ndani ya kompyuta ili mchezo uende laini, bila kukwama. Kila kadi mpya ilipotoka, Kipimo aliipima na kuandika matokeo kwenye ubao mkubwa nyuma ya kaunta. Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa kabati la marehemu mama yake. Kabati lililiwa na mchwa, mlango ukabaki mzima. Yeye na dada yake wakaupaka rangi nyeusi na kuukaza ukutani kwa skrubu nne, na watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuusoma kabla ya kutoa hela zao mfukoni.

Hakupima kama wenye viwanda wanavyopima. Alingoja saa saba mchana, akaingia chumba cha nyuma chenye paa la bati, akalifunga kasha la kompyuta vizuri kama lilivyo nyumbani kwa mtu, kisha akaendesha mchezo wa magari dakika ishirini nzima, mzunguko uleule wa mvua. Akitoka humo jasho linamtiririka mpaka kisiginoni. Halafu anaandika: kadi imetoa fremu ngapi kwa sekunde, yaani picha ngapi, imepata joto kiasi gani, na kila fremu moja inamgharimu mnunuzi pesa ngapi. "Wateja wangu hawaishi ndani ya friji," alikuwa akisema.

Chini kabisa ya ubao palikuwa na mstari wa rangi nyekundu: NILIKOSEA. Miaka mitatu nyuma alikuwa na haraka, akachomeka waya wa skrini kwenye tundu la bodi ya kompyuta badala ya tundu la kadi. Ukifanya hivyo picha inatokea kama kawaida, ila kadi inalala usingizi na kompyuta inachora yenyewe kwa nguvu zake ndogo. Kipimo akaikashifu kadi nzuri wiki mbili nzima mpaka mteja mmoja akamwonyesha tundu. Mafundi wengi wamewahi kufanya kosa hilo, na wote wanaapa kwamba hawajawahi. Yeye alienda kununua kopo la rangi nyekundu. Shemeji alimsihi aufute mstari ule, unatia aibu. Kipimo akamjibu kwamba asiyemwamini kwa makosa yake asimwamini kwa sifa zake, na kopo likawekwa kwenye rafu na brashi yake juu.

Sasa ikaja kadi mpya.

Aliyeileta alikuwa wakala wa kiwanda, bwana mmoja mwenye viatu visivyojua vumbi na kicheko cha kuazima. Aliweka boksi juu ya kaunta kwa mikono miwili utadhani ana mtoto mchanga. "Hii, dada yangu, ni mara mbili ya ile iliyopita," akasema. "Mara mbili kamili."

"Umeipima?" Kipimo akauliza.

Wakala akacheka. Shemeji naye akacheka, kwa kuwa wakala alikuwa ameahidi kumfanya muuzaji pekee wa kadi hiyo mjini pale, na mtu akishaahidiwa hivyo hucheka kila anapochekewa.

Saa saba Kipimo akaingia chumbani. Kadi ya zamani ilikuwa imetoa fremu tisini. Hii mpya ilitoa mia moja na themanini na kitu, roho ikamruka kwa furaha, kwa maana Kipimo alipenda kadi nzuri kuliko mtu yeyote pale. Lakini usukani ulikuwa mzito. Anakata kona, gari linafikiri kwanza. Akafungua mipangilio na kukuta kadi inapachika picha za kujazia, picha ambazo mchezo haukuzitengeneza. Inakisia tu kati ya picha moja na nyingine. Ni kama mtu anayehesabu watoto wake pamoja na vivuli vyao. Kipimo akazima ujazo huo. Tisini na tisa. Kufika dakika ya ishirini, joto likiwa limeikolea, tisini na nne. Bei yake ilikuwa imepanda kwa zaidi ya nusu.

Akaandika yote ubaoni. Mwisho akaongeza: "Si mbaya. Ila kama unayo ya zamani, kaa nayo."

Shemeji aliposoma alishika kiuno. "Shemeji, unataka kuniua?"

"Nataka kuuza kadi kwa bei inayolingana na kazi yake."

"Andika mara mbili. Wakala ndivyo anavyotaka, ndilo sharti lake. Si hizo picha zinaonekana? Mtu akizihesabu si zitafika?"

"Zihesabu wewe uandike kwako. Ubao huu hauandikwi kwa kuombwa."

"Basi siku ya uzinduzi wa kadi, ubao utafunikwa."

"Ufunike," Kipimo akasema. "Mimi nina mikono."

Dada yake alikuwa kwenye droo ya pesa, anawasikia. Hakutia neno. Miaka kumi na minne ya ndoa ilikuwa imemfundisha kunyamaza kwa namna nyingi, na mumewe alikuwa bado hajajifunza kuzitofautisha.

Siku ya uzinduzi shemeji aliwahi kufungua duka kuliko kawaida. Kipimo alipofika alikuta kila kitu tayari: bango la wakala limefunika ubao wote, na juu ya meza kompyuta mbili zimewekwa bega kwa bega, moja ina kadi ya zamani, nyingine ina mpya. "Leo usijisumbue," shemeji akamwambia bila kumtazama. "Waya zote nimeunganisha mwenyewe." Kipimo akaona labda mtu anataka yaishe. Akaenda kupanga maboksi, na moyoni alikuwa ameanza kumsamehe.

Saa sita watu walijaa mpaka nje. Wakala akawasha mchezo wa magari kwenye kompyuta zote mbili, namba za fremu zikatokea pembeni ya kila skrini. Ile mpya: mia na themanini na nane. Ile ya zamani: ishirini na moja. Gari la kadi ya zamani lilikwenda kwa kurukaruka kama mtu aliyechomwa na mwiba. Watu wakapiga mluzi.

"Mimi nilisema mara mbili," wakala akanguruma, "nikaogopa kuwaambia mara tisa!"

Mbele kabisa alisimama mshonaji wa nguo, jirani yao, mlango wa tatu kutoka pale. Mchana alishona sare za shule, jioni alicheza, na hakuna kijana wa mtaa aliyewahi kumpita kwenye mchezo wa magari. Alikuwa ameweka akiba miezi minane. Pesa ilikuwa mkononi, imekunjwa ndani ya kitambaa cha bitana. Lakini uso wake haukuwa wa mtu anayenunua.

"Samahani," akasema. "Hiyo ya zamani ndiyo niliyo nayo nyumbani. Mbona yangu haikwami hivyo?"

"Yako imezeeka, mama, hujaona tu," wakala akajibu. "Macho huzoea shida."

Kipimo alikuwa amesimama nyuma ya meza. Aliweka kiganja kwenye mgongo wa kompyuta ya zamani, mahali hewa ya moto inapotokea kadi inapofanya kazi. Pa baridi. Feni za kadi zimesimama. Akateremsha kidole polepole, akaupata waya wa skrini, akaufuata hadi ulikochomekwa, na hapo damu ikampanda kichwani. Ulikuwa kwenye tundu la bodi.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Lilelile, la miaka mitatu nyuma, alilolipaka rangi ili watu wajifunze. Na mtu mmoja alikuwa amelisoma kila siku kwa miaka mitatu, akajifunza. Akamtazama shemeji. Shemeji akatazama dari.

Hasira ni kitu kizuri ikipata kazi ya kufanya. Kipimo alizima mchezo, akachomoa waya, akaupeleka kwenye tundu la kadi, akauwasha mchezo upya.

"Unafanya nini wewe?" wakala akafoka. Akawageukia watu. "Msimsikilize huyu! Huyu ndiye aliyewahi kukosea kipimo kizima, alijiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu!"

"Ndiyo," Kipimo akasema, kwa sauti ya kufika mpaka waliosimama nje. "Niliweka waya kwenye tundu la bodi. Ndiyo maana najua pa kutazama."

Feni za kadi ya zamani zikaanza kuvuma. Tisini na moja. Gari likateleza kwenye mvua bila hata kujikwaa. Kisha akainama kwenye kompyuta ya pili, akafungua mipangilio, akazima picha za kujazia. Namba ya kadi mpya ikaporomoka mbele ya macho ya wote hadi tisini na nane.

"Tisini na moja," mshonaji akasoma. "Tisini na nane." Akaikunja pesa yake tena ndani ya bitana, akaitumbukiza kifuani.

Kelele zilizoanza hapo! Wengine walicheka, wengine walimpigia wakala miguno. Yeye akanyanyua mikono. "Ni kosa la kiufundi, jamani. Waya tu. Binadamu hukosea."

"Kweli hukosea," Kipimo akasema. Akapanda juu ya kiti, akashika pembe ya bango, akalivuta lote. Ubao ukatokea na namba zake zote, na mstari mwekundu chini. Akateremka, akachukua kopo kwenye rafu, akalifungua, akamnyooshea shemeji brashi.

"Kosa lina mahali pake hapa dukani. Waya umeuunganisha wewe. Andika."

Shemeji hakuipokea. Jasho lilikuwa limemtoka, na hakuwa ndani ya chumba cha bati. "Shemeji, si kila kitu kinaandikwa," akasema chini kwa chini. "Tutaongea nyumbani."

"Kama ni kosa, andika. Kama hutaki kuandika, basi halikuwa kosa."

Kadi mbili ziliendelea kuvuma mezani. Shemeji alimtazama wakala, akaitazama brashi, akawatazama wateja wake wa miaka yote, na akamchagua wakala.

"Ubao ushuke," akasema. "Na wewe ushuke nao. Duka ni langu."

"Duka ni lako," Kipimo akakubali. "Mlango ni wa mama yangu."

Akatoa bisibisi mfukoni. Skrubu ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikatoka kwa kulalamika. Ubao ukaning'inia kwa pembe moja na kumlemea begani, na ya nne haikutaka. Hapo ndipo aliposikia droo ya pesa ikifungwa. Dada yake alitoka nyuma ya kaunta, akapita mbele ya mumewe kama anayepita mbele ya kiti, akashika upande wa pili wa ubao.

"Wewe unakwenda wapi?" mumewe akauliza.

"Nusu ya mlango huu ni yangu," dada akasema. Akaweka ufunguo wa droo juu ya boksi la kadi mpya. "Leo hesabu mwenyewe. Unapenda kuzidisha."

Skrubu ya nne ikatoka.

Wakaubeba nje, mmoja mbele, mmoja nyuma, watu wakawapisha njia. Nisikudanganye, si wote waliowafuata. Kadi tatu ziliuzwa pale dukani kabla ya jioni, maana kuna watu ukiwaonyesha tundu wanaangalia kidole. Kipimo aliliona hilo, likamuuma, na hakurudi nyuma hata hatua moja.

Mshonaji alikuwa ametangulia, kopo la rangi na brashi mkononi, kufungua mlango wake. "Karibuni, ila kwangu ni bati tupu," akawaonya. "Hakuna hata feni. Mchana mtaiva."

"Saa hizi saa ngapi?" Kipimo akauliza.

"Saba inakaribia."

"Basi ndipo hasa ninapopatafuta."

Wakaegemeza ubao ukutani, kati ya sare zilizotundikwa na cherehani. Mshonaji akaleta kompyuta yake. Kijana mmoja, aliyekuwa amenunua kadi mpya dukani dakika chache kabla, akaingia amekumbatia boksi lake na kuuliza kwa aibu kama linaweza kupimwa. Likapimwa dakika ishirini, joto lote likiwemo. Tisini na tatu. Kipimo akaandika tisini na tatu, na kijana akatoka mbio kurudi dukani na boksi kabla muhuri wa risiti haujakauka.

Kisha akachukua rangi nyekundu. Chini ya NILIKOSEA yake akaandika tarehe ya siku ile, akaandika NILIKOSEA ya pili, na mbele yake, mahali pa jina, akaacha nafasi tupu.

Dada yake aliitazama nafasi ile. "Na asipokuja?"

"Watu watauliza ni ya nani."

"Na akija?"

Kipimo akafunga kopo, ila hakulibana sana. Akalaza brashi juu yake.

"Brashi ndiyo hii," akasema. "Mimi simwandikii mtu."