Ajvari ya Despina

Despina alikuwa na kipaji cha kufanya mambo manne kwa wakati mmoja, na alikitangaza mwenyewe kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Asubuhi hiyo ya Septemba, uani kwa bibi yake mjini Strumica, mkono wa kulia ulikoroga ajvari, lile rojo la pilipili hoho za kuchoma. Wa kushoto ulipiga soga kwenye simu. Macho yalichagua viatu. Na masikio, aliapa, yalikuwa darasani. Kompyuta iliegemea debe la mafuta, ikimfundisha usindikaji wa vyakula.

Kilikuwa kipindi cha mwisho cha marudio. Profesa Grozdanov asipotia sahihi kwenye kitabu cha Despina cha kumbukumbu za masomo, hakuna mtihani, na mwaka mzima unarudiwa, kwa mara ya pili.

"Koroga hadi chini, mjukuu wangu," alisema Bibi Trendafila, akimenya pilipili.

"Nakoroga, bibi! Mbona wasiwasi?"

"Mwenzangu Despina!" kompyuta ikaita. Maprofesa huko humwita kila mwanafunzi "mwenzangu", hata anayefeli. "Sufuria yako naiona. Swali la sahihi ni hili nililolieleza saa nzima: utajuaje ajvari imeiva?"

Despina aliitazama sufuria aliyoikoroga tangu alfajiri. Kisha akaitazama simu. Wenzake walikuwa wamemtumia majibu matatu, yote kuhusu viatu.

"Inategemea, Profesa."

"Inategemea nini?"

"Mazingira."

"Mazingira, mama wee!" Bibi akadakia. "Pitisha mwiko! Ukiacha njia kwenye kitako cha sufuria na isijifunge, epua!"

"Naam! Huyo ni nani?"

"Bibi yangu."

"Yuko mwaka wa ngapi?"

Despina akapitisha mwiko chapuchapu. Njia haikutokea, ilitokea harufu. Chini kulikuwa kumeshika, kweusi tii. Akatamani ardhi immeze.

"Basi tuonane mwakani, mwenzangu," alisema Profesa, akafunga kipindi.

Bibi hakugomba. Ajvari ya juu, iliyonusurika, aliijaza kwenye chupa za wanawe na wajukuu. Ule ukoko akaukwangua taratibu, akaugawa kwenye chupa nne, na kila moja akaiandika jina la Despina.

"Zote nne zangu, bibi?" Despina aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Zako, mwanangu. Moja kwa kila jambo."