Kofia ya Mzee Severini

Sista Mwanvita alikuwa na wivu, na tuseme mapema ili tusizungushane. Hakumwonea wivu mwenye gari wala mwenye mume. Alimwonea mwanafunzi wake mwenyewe, binti wa miaka ishirini na mbili, kwa sababu ya mzee mmoja aliyepooza na kofia yake ya pama.

Miaka kumi na tisa Mwanvita alikuwa akifundisha wauguzi katika wodi ya utengamao mjini Morogoro, wanakolazwa watu wa kiharusi na wa ajali za bodaboda, wajifunze upya kushika kijiko, kuvaa shati na kwenda chooni. Somo lake kuu lilikuwa maneno mawili: mikono nyuma. Mgonjwa akihangaika na kifungo, muuguzi aweke mikono yake nyuma angoje, hata kama ni nusu saa. "Ukimvalisha leo," aliwaambia wanafunzi, "utamvalisha mpaka siku ya sanda." Wanafunzi walimwogopa, na yeye alipenda waogope.

Mzee Severini, mkulima wa kabichi na njegere kutoka Mgeta, aliletwa mguu na mkono wa kushoto vikiwa vimelegea. Mwanvita alimchukua mwenyewe, hakumwachia mwanafunzi. Wiki sita alimbembeleza asimame. Wiki sita mzee alimjibu kwa adabu zake zote, "Ahsante mwanangu, tutajaribu kesho," na kesho hiyo haikufika.

Sasa daktari Deogratias alikuwa ameweka siku: Ijumaa. Nyumba ya Severini iko mlimani, juu ya barabara, na kuifikia ni ngazi tisa zilizochongwa kwenye udongo. Akiweza kupanda ngazi tisa za saruji zilizo nje ya wodi, atarudi Mgeta kwa mkewe, Yuliana. Akishindwa, atapelekwa kwa binti yake Kingolwira, kwenye tambarare, akae kwenye kiti barazani.

"Huko nitaangalia treni zikipita," alisema mzee, "mpaka mojawapo inipitie mimi."

Jumatatu ndipo alipoingia Hidaya, mwanafunzi mpya, Mzigua wa Turiani. Alimwamkia mzee shikamoo, akamuuliza kwao wapi. Aliposikia Mgeta, kwa Waluguru watani wa Wazigua, alipiga makofi.

"Kumbe mtani! Basi shikamoo yangu nirudishie!"

Kabla mzee hajajibu, Hidaya aliichukua ile pama juu ya kabati, akaivaa, akaulegeza mkono wa kushoto, akawa anaburuta mguu katikati ya vitanda. "Hivi ndivyo marehemu alivyokuwa akitembea!" alilia kwa sauti ya msibani. "Nileteeni jogoo wangu, la sivyo hamziki mtu hapa!"

Ndivyo watani wanavyofanya kwenye matanga: mtani huvaa nguo za marehemu, akamwigiza, akadai chake, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Wodi nzima ilicheka. Mwanvita alikuwa mlangoni, amefungua kinywa tayari kufoka, alipomwona mzee Severini akishika ukingo wa kitanda, akisimama, akipiga hatua mbili za kuyumba na kuinyakua kofia yake.

"Mzigua mwizi wewe! Sijafa bado!"

Wiki sita kwa dakika tano! Mwanvita alipaswa kufurahi, na alijua anapaswa kufurahi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akamwita Hidaya ofisini, akamsomea staha ya mgonjwa na miiko ya uuguzi, kila neno la kweli. Wivu ukivaa sare unapendeza sana.

"Kuanzia kesho utakuwa stoo ya mashuka."

"Sawa, Mwalimu," alisema Hidaya. Angebisha, Mwanvita angepata nafuu.

Jumanne mzee aliuliza, "Mtani wangu yuko wapi?" Jumatano akauliza tena, kisha akajifunika shuka. Mwanvita alimshika bega, akamsihi, akamkumbusha ngazi. "Ahsante mwanangu," alisema mzee. "Kesho."

Alhamisi Mwanvita aliamka na wazo lake. Kofia ni kofia tu, alijiambia. Kama ni vichekesho, mimi nishindwe na kitoto cha Turiani? Alisubiri wodi ijae ndugu wa wagonjwa, akaichukua pama, akaivaa, akalegeza mkono, akaburuta mguu. Alijitahidi. Hata sauti ya msibani aliitoa.

Hakucheka mtu. Yuliana, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo na kikapu cha ndizi, alikiweka chini polepole. Mzee Severini aligeukia ukutani.

"Mwanangu, si uliniambia mama yako ni wa Matombo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi wewe ni Mluguru mwenzangu, kwetu ukoo ni wa mama. Umenivalia kofia. Yaani daktari amekwambia nakufa?"

"Hapana, baba! Nilikuwa natania tu."

"Sista," alisema Yuliana, bila ukali, "mtani akifanya hivyo ni mchezo. Ndugu akifanya ni matanga."

Mwanvita hakuhitaji kuambiwa. Alilijua tangu utoto wake, alilijua kuliko alivyojua kupima presha. Wivu ulimsahaulisha kwao. Aliivua kofia, akamwomba mzee radhi, akapewa mgongo. Akatoka nayo mpaka stoo.

Hidaya alikuwa anakunja mashuka.

"Nilikuleta huku kwa wivu," alisema Mwanvita, akiwa amesimama mlangoni. "Si kwa ajili ya staha."

"Najua, Mwalimu. Wodi nzima inajua."

Neno hilo lilimchapa vizuri. Akamnyooshea kofia. "Leo sikupendi hata kidogo, Hidaya. Lakini mzee atakwenda Kingolwira kwa sababu yangu. Njoo."

Ijumaa saa nne, baada ya jioni nzima ya utani na mazoezi, Hidaya alisimama juu ya ngazi, pama kichwani. Mzee alikuwa chini, mkono wa kulia kwenye chuma cha ngazi. Mwanvita alisimama nyuma yake, mahali pa mtu wa kudaka. Daktari alikuwa pembeni na faili lake, Yuliana na rozari yake.

"Panda, marehemu!" alisema Hidaya. "Shamba lako nimeshaligawa! Njegere nimewapa Wazigua!"

"Njegere zangu!" Mzee akapanda ya kwanza. Akamtukana, akapanda ya pili. Ya tatu. Kwenye ya tano akapumzika, jasho likimtiririka. Akauinua mguu wa kushoto kwenda ya sita, vidole vikagonga saruji, mwili ukayumba.

Mikono ya Mwanvita ilichomoka yenyewe. Kama ilitaka kumwokoa mzee, au ilitaka daktari aione ikimwokoa, mwenyewe hajui mpaka leo.

"Mwalimu!" Hidaya alipaza sauti. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Mikono nyuma!"

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia neno hilo. Uso wa Mwanvita ulipata moto. Aliona mkono wa mzee umekamata chuma barabara, uzito wake wote umekaa mguu wa kulia, na binti yule aliyaona hayo kabla yake. Akairudisha mikono nyuma, akavikamata vidole vyake mwenyewe asije akaviachia.

Mguu ukatafuta. Ukapapasa ukingo. Ukapata.

Sita. Saba. Nane. Tisa. Mzee akaing'oa kofia kichwani mwa Hidaya, akaivaa upande, na Yuliana akapiga kigelegele.

"Mgeta," alisema daktari, akiandika. "Hongera, mzee. Na nani amekufikisha hapa? Kuna nafasi ya jina."

"Huyu mwizi!" Mzee alimwonyesha Hidaya kwa kidole, akicheka.

Mwanvita alikuwa bado kwenye ngazi ya nane, na hakuna aliyemtazama. Wivu ukamrudia, uleule wa Jumatatu.

"Anaitwa Hidaya," alimwambia daktari. "Liandike vizuri."

Mikono yake ilikuwa bado nyuma.