Kitanda cha Kamera

"Lala chali, mama," mwongozaji wa kipindi alisema kwa mara ya tano. "Ukisimama, kamera inakupata kiuno tu."

Mfua nguo akalala. Haukupita muda akajiinua tena kwa kiwiko. Wanawe wawili wa kwanza alikuwa amewazaa akichuchumaa, na yule wa pili alitokea kati ya beseni la kufulia na la kusuuzia, nusura asuuzwe pamoja na mashuka ya watu. Mwili wake uliijua kazi. Leo ulitaka kutembea, mpaka ukutani na kurudi, mpaka ukutani na kurudi, lakini mpira wa dripu ulimvuta kama mbuzi aliyefungwa malishoni.

Asubuhi walikuwa wajawazito kumi na mmoja kwenye benchi, na ndani vitanda vinne. Mwongozaji aliwapitia uso mmoja mmoja, kama mtu anayechagua nyanya, akasimama kwake.

"Wewe una sura ya kutazamika. Ukikubali kurekodiwa, kitanda ni chako peke yako."

Kitanda kizima, na shuka lenye mikunjo ya dukani! Akabandika dole gumba kwenye karatasi, wenzake wakimwonea wivu.

Kipindi chenyewe alikijua. Mtaa mzima ulikijua. Kila Jumapili mwanamke amelala chali, nywele zimechanwa, mashine zinalia, halafu daktari anaingia jasho likimtiririka utadhani yeye ndiye mwenye uchungu. Humo hakuna mwanamke aliyewahi kuzaa. Wote walizalishwa.

"Dada," alimnong'oneza nesi, "nishushe nichuchumae. Huyu anakuja."

Nesi, mtu mzima wa miaka mingi wodini, alimpima, akamgeukia mwongozaji. "Njia imefunguka vizuri. Mwacheni asimame, saa moja haiishi atakuwa amempakata."

"Daktari anafika saa tisa."

"Mtoto hajui saa tisa."

"Sista, mashine hizi ni za wafadhili. Tukiwaonyesha mtu amechuchumaa sakafuni, watatuelewaje? Au nimpigie mganga mkuu, umweleze mwenyewe?"

Nesi alitazama viatu vyake. "Lala, mwanangu," akasema.

Alilala. Kufikia saa nane uchungu ulikuwa umepoa. Ukija mmoja, wa pili unapotea njiani. Wakamwongezea dawa kwenye dripu. Ukarudi wote kwa pamoja, haumpi nafasi ya kuvuta pumzi, na mashine iliyokuwa ikisikiliza moyo wa mtoto ikaanza kusitasita.

"Sauti hiyo," mwongozaji alimwambia mpiga picha. "Ichukue hiyo."

Daktari alifika saa tisa na nusu, akatazama mashine kabla ya kumtazama mtu. "Tunapasua."

"Nimezaa wawili kwa nguvu zangu, daktari. Nishusheni tu."

"Vizuri," alisema mwongozaji. "Rudia hayo ukiangalia huku."

Alipotoka kwenye upasuaji, miguu bado ina ganzi, aliuliza mtoto yuko wapi.

"Chumba cha pili. Anasaidiwa kupumua," nesi alijibu, na hakukaa.

Mwongozaji akaingia na kichanga aliyefunikwa vizuri, mnono, akamweka kifuani pa mfua nguo.

"Huyu si wangu."

"Najua. Ni wa kitanda cha tatu, tumemwazima dakika mbili. Jua linazama, mama, tusaidiane."

Mwenye mtoto alikuwa mlangoni, ameegemea fremu, mikono ameitanguliza mbele. Mtoto akageuza kichwa, akatafuta ziwa, akalipata.

"Usimzuie," mwongozaji alisema. "Safi kabisa."

Upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba cha pili, viti vilisukumwa. Nesi alipita koridoni mbio akimwita daktari. Daktari alikuwa hapo hapo, kando ya kitanda, anapakwa poda kwenye paji la uso.

Mfua nguo aligeuza sikio kuelekea ukutani.

"Huku, mama," alisema mwongozaji. "Tazama huku."